Eosinofili Sifuri: Kisa cha Mkulima wa Mchicha Aliyeambiwa Ana Pumu

Picha ya damu ilipotoka, kila mtu wodini alishusha pumzi. Miaka 2 nyuma eosinofili za mgonjwa huyu, yaani zile seli nyeupe za damu zinazopanda mtu akiwa na minyoo au aleji, zilikuwa karibu mara 3 ya kiwango cha juu cha kawaida. Sasa mashine ilisoma sifuri. "Basi mambo ya minyoo na aleji tuyaache," alisema daktari wa zamu, nami niliyepeleka karatasi nikaitikia. Tulikosea wote wawili. Ile sifuri ndiyo iliyokuwa habari mbaya kuliko zote kwenye karatasi ile.

Niseme mapema kwamba mimi ni mtu wa maabara, si daktari, ingawa Dar es Salaam ukishavaa koti jeupe wewe ni dokta tu, utake usitake. Kisa nimekijenga kutoka kwa wagonjwa zaidi ya mmoja, na nimebadilisha mambo kadhaa ili asitambulike mtu. Ugonjwa wenyewe nimeuacha ulivyo.

Mzee wa bondeni

Tulimwita Mzee, basi na hapa abaki hivyo. Umri miaka 56, mkazi wa Kigogo. Kwa zaidi ya miaka 20 alilima mchicha na matembele katika bonde la Msimbazi, pekupeku, maana viatu kwenye tope ni mzigo mwingine. Anayeijua Kigogo wakati wa masika anajua tope lile limebeba nini: mvua ikikolea wapo wanaotapisha vyoo, na maji yakishateremka hayachagui shamba la nani. Baadaye mgongo ulimshinda, akaacha jembe na kufungua genge mbele ya nyumba.

Mara ya kwanza alikuja kwa ajili ya mwasho. Ulikuwa ukimtokea matakoni na mapajani, unapotea, unarudi baada ya miezi. Mkewe alieleza vizuri kuliko cheti chochote: "Unakuwa mstari, mwanangu. Saa sita uko hapa, alasiri umeshafika huku." Nyumbani walisema ni damu chafu, wakamchemshia mwarobaini. Picha ya damu ilionyesha seli nyeupe 8,000 kwa mikrolita, na katika kila 100, 18 zilikuwa eosinofili. Ukipiga hesabu ni 1,440, wakati mtu mzima kwa kawaida hapiti 500.

Daktari akaandika choo kipimwe. Nilikipima mimi. Choo kidogo cha ncha ya kijiti, tone la maji ya chumvi, kifuniko juu yake, dakika chache za kutazama, kisha nikaandika kwamba hakuna yai wala mnyoo aliyeonekana. Mzee akapewa kidonge kimoja cha albendazoli cha miligramu 400, akaenda zake.

Jibu lilikuwa limeshatolewa na mama. Michirizi ya ngozini ina visababishi kadhaa. Mabuu ya safura ya mbwa, kwa mfano, nayo huchora mistari, lakini husogea sentimita chache kwa siku. Mstari unaokwenda sentimita 5 hadi 10 kwa saa ni wa mmoja tu: buu la mnyoo Strongyloides stercoralis, ambaye hapa nitamwita strongiloidi. Sisi tukaacha kauli ya mtu aliyemwona akitembea, tukaenda kumtafuta kwenye tone.

Na tone lenyewe halikuwa na nafasi kubwa ya kumnasa. Minyoo mingine tunaijua kwa mayai yake, na ndiyo maana kipimo cha Kato-Katz kinachotumiwa sana kwenye uchunguzi wa minyoo mashuleni kinahesabu mayai. Strongiloidi mayai yake huanguliwa ndani ya utumbo. Kinachotoka ni mabuu, tena machache, leo yapo na kesho hayapo. Kupima choo mara moja kwa tone humkosa mdudu huyu kwa wagonjwa wengi kuliko inavyomwona. Hilo nilifundishwa chuoni, na siku ile sikulikumbuka.

Mpangaji asiyehama

Minyoo mingi haiongezeki ikiwa ndani ya mtu. Yai lazima litoke, likae nje kwanza, kisha ndipo maambukizi mapya yatokee. Ukihama shamba, minyoo uliyonayo itazeeka na kufa. Strongiloidi haifuati utaratibu huo. Jike, urefu wake milimita 2 na kidogo, hujichimbia kwenye utando wa utumbo mwembamba na kutaga bila kuhitaji dume. Mabuu mengi hutoka na choo. Machache hukomaa kabla ya kutoka, yakatoboa ukuta wa utumbo mpana au ngozi ya karibu na njia ya haja kubwa, yakaingia kwenye damu, yakapita mapafuni, yakapanda hadi kooni na kumezwa. Mzunguko unaanza tena bila mtu kukanyaga udongo. Wanajeshi wa Uingereza waliokuwa mateka wa Wajapani kwenye ujenzi wa reli ya Thailand na Burma, wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, walipimwa zaidi ya miaka 30 baadaye wakiwa kwao, na baadhi yao wakakutwa bado wanaye.

Sasa jiulize: mdudu anayeweza kujizidisha humo humo, kwa nini hakuwajaza wale watu wakafa mwaka wa kwanza?

Hapa ndipo kinga ya mwili inapoingia, na nitakaa hapa kidogo. Mnyoo ni mkubwa mno, hakuna seli inayoweza kummeza kama inavyomeza bakteria. Kwa hiyo mwili huacha mbinu zake za kawaida na kuchukua nyingine, inayoitwa kinga ya aina ya 2. Seli saidizi za T hutoa jumbe za kikemikali ziitwazo interlukini, hasa namba 4, 5 na 13. Namba 5 huuamuru uboho uzalishe eosinofili kwa wingi. Namba 4 huleta kingamwili za IgE, ambazo hukaa juu ya seli zilizojaa histamini zikisubiri kuguswa. Namba 13 huufanya utumbo utoe ute mwingi na kujikamua, kama mtu anayedeki huku anamwaga maji. Buu likikatiza kwenye nyama, eosinofili hulizingira, hulinata na kulimwagia sumu zao. Jike lililojichimbia utumboni huponea mara nyingi. Wanaouawa ni watoto wake walioko safarini. Kwa hiyo kila siku kuna mabuu yanayojaribu kupita na kila siku mengi hufia njiani, na idadi inabaki ile ile ndogo, mwaka hadi mwaka. Zile eosinofili 18 za Mzee zilikuwa walinzi walioko kazini.

Upande wa pili nao haulali. Minyoo inayokaa muda mrefu hutoa majimaji yenye protini za kutuliza kinga. Mnyoo mmoja wa panya, Heligmosomoides polygyrus, hutengeneza protini inayoshika kipokezi kile kile cha TGF-beta, ujumbe ambao mwili wenyewe hutumia kujiambia upoe. Seli dhibiti za T huongezeka, interlukini ya 10 hupanda, na kingamwili za aina ya IgG4 huanza kutangulia kumshika mnyoo kabla IgE haijamfikia, ila bila kulipua histamini. Si kwamba kinga imelala. Imehamia mahali pengine kabisa: inamdhibiti mpangaji asizidi, na haimtoi, kwa sababu vita vya kumtoa vingeharibu nyumba yenyewe.

Mabadiliko hayo hayaishii kwa mnyoo. Huko Gabon, utafiti uliochapishwa mwaka 2000 ulikuta kwamba wanafunzi wenye kichocho cha mkojo ngozi zao ziliwaka kidogo kuliko za wenzao zilipojaribiwa na visumbufu vya vumbi la nyumbani, na interlukini ya 10 ilihusika. Ekwado, watoto wenye minyoo ya duara waliopewa albendazoli kwanza waliitikia vizuri zaidi chanjo ya kipindupindu ya kunywa. Na hapa nyumbani, watafiti wa Mbeya waliofuatilia watu wa Kyela walichapisha mwaka 2016 kwamba waliokuwa na mnyoo wa matende mwilini waliambukizwa virusi vya UKIMWI karibu mara 2 zaidi ya wasiokuwa naye. Wapo wanaosoma habari ya Gabon na kutangaza kwamba minyoo ni dawa ya aleji. Mayai ya minyoo ya nguruwe yamejaribiwa kwa wagonjwa wa utumbo huko Marekani na Ulaya. Majaribio madogo ya mwanzo yalitia moyo, makubwa yaliyofuata hayakufaulu. Mimi nikisikia mtu anasifia minyoo humuuliza kama amewahi kuona choo cha mtoto mwenye safura.

Pumu ya ukubwani

Mzee alirudi mwaka jana akibanwa kifua. Miluzi mapafuni, usiku hapati usingizi, utotoni hakuwahi kuwa na pumu. Alikopimwa aliambiwa ni pumu, akapewa dawa ya kuvuta na prednisoloni miligramu 40 kwa siku, wiki 1.

Uhusiano wa minyoo na pumu hauendi upande mmoja. Uchambuzi wa mwaka 2006 uliounganisha tafiti nyingi uliona kwamba wenye safura walikuwa na pumu mara chache kuliko wengine, na wenye minyoo ya duara walikuwa nayo mara nyingi zaidi. Strongiloidi hupitisha watoto wake mapafuni, eosinofili huwafuata huko huko, na mapambano hayo yakifanyika ndani ya vijia vya hewa hutoa mluzi usioweza kuutofautisha na pumu kwa sikio. Mtu wa miaka 50 na kitu anayeanza pumu ghafla, akiwa na eosinofili za juu na historia ya kulima pekupeku, nadhani ilistahili tumuulize maswali 2 zaidi.

Prednisoloni ilimsaidia, na hapo ndipo penye mtego. Dawa hii huua eosinofili na kunyamazisha zile interlukini, kwa hiyo mluzi uliotokana na mapambano lazima utulie. Mzee alilala usingizi wa kwanza wa maana baada ya miezi. Wiki ilipoisha akapeleka kasha tupu duka la dawa la mtaani, akauziwa nyingine bila cheti, akaendelea kwa wiki 7. Wala simlaumu. Kidonge ni cha bei ndogo, kifua kimefunguka, hamu ya kula imerudi, na hakuna aliyemwambia kwamba kilichonyamaza kifuani ni ulinzi wake.

Wapo wataalamu wanaodhani kwamba kuna zaidi ya hapo: kwamba mnyoo mwenyewe huzisoma dawa za jamii hii kama homoni yake ya kujivua gamba, hivyo mabuu hukomaa upesi ndani ya utumbo. Iwe hivyo au isiwe, matokeo yanajulikana. Mabuu yaliyokuwa yanafia njiani sasa yote yanafika. Kila kizazi kinazaa kikubwa zaidi, na limeshatokea hata kwa watu waliomeza dawa hizi kwa wiki 2 tu.

Kinachonishangaza kila nikifikiria mdudu huyu ni hiki. Ungetegemea watu wenye UKIMWI ndio wangeshambuliwa zaidi, lakini mlipuko huu haukuonekana kwao kwa wingi uliohofiwa. Wanaoshambuliwa vibaya ni wenye virusi vya HTLV-1, jamaa wa HIV ambaye wengi hawajamsikia. HTLV-1 haimalizi kinga. Huisukuma upande mwingine, kwenye ujumbe wa interferoni-gama unaofaa kupambana na virusi, na interlukini ya 5 pamoja na IgE hushuka. Mtu anaweza kuwa na seli za kutosha na bado akakosa ulinzi mmoja tu anaouhitaji.

Wodini

Alilazwa akiwa na kilo 45 kutoka 61. Tumbo limejaa, anaharisha na kutapika, homa, kikohozi chenye damu kidogo. Kwa Dar es Salaam kila mtu aliwaza TB, na lilikuwa wazo la haki. Kipimo cha makohozi cha GeneXpert hakikuona TB. HIV hana. Damu iliyooteshwa ikatoa Escherichia coli, bakteria wa utumboni, na hakuna aliyeelewa ameingiaje kwenye damu. Sasa tunajua: mabuu yakitoboa utumbo hubeba bakteria mwilini mwao na kuwaachia mlango wazi nyuma. Wagonjwa wengine huishia na homa ya uti wa mgongo ya bakteria hao hao. Seli nyeupe zilikuwa 14,600, karibu zote neutrofili, zile za kupambana na bakteria. Eosinofili, kama nilivyosema, sifuri.

Aliyetuvuta sikio ni sista. Akimgeuza asubuhi kumwosha aliona madoa ya zambarau kuzunguka kitovu, kama mtu aliyebonyezwa na dole gumba lenye wino. Kwenye ngozi nyeusi madoa hayo si rahisi kuyaona mpaka uangalie karibu, na yeye aliangalia. Daktari akayaona, akakumbuka kitu, akanipigia simu: chukua makohozi, usiyatie rangi, tazama tu.

Nilichukua tone. Mwanzoni nilidhani ni uzi wa pamba. Uzi ukajikunja. Kisha ukajinyoosha na kupiga mkia kama mjeledi, na nyuma yake nikaona mwingine, na mwingine. Nilivuta lenzi: ncha ya mkia imechongwa pengo dogo, alama ya buu la strongiloidi lililokomaa. Nimekaa maabara miaka mingi, na sijawahi kutamani kiasi kile kufungua daftari la zamani na kulifuta.

Choo chake cha siku ile hakikuhitaji ufundi, mabuu yalikuwa yanaelea hovyo. Lakini tangu siku hiyo tumetengeneza kipimo cha Baermann, chenye zaidi ya miaka 100 na kisichohitaji mashine: faneli, mpira wenye kibanio, kipande cha shashi, maji ya uvuguvugu. Unaweka choo kibichi cha gramu 10 hivi juu ya shashi, maji yanakigusa kwa chini. Mabuu hufuata joto, yanaingia majini, hayawezi kuogelea kupanda, yanazama. Baada ya saa 1 au 2 unafungua kibanio na kutazama kilichotuama. Vifaa vyote unavinunua Kariakoo.

Tiba yake ni ivermektini, mikrogramu 200 kwa kila kilo. Kwa kilo 45 ni miligramu 9, yaani vidonge 3 vya miligramu 3. Mtu asiye na mlipuko hupewa siku 1 au 2. Mzee alipewa kila siku kupitia mpira wa puani, pamoja na antibayotiki ya mshipa, na prednisoloni ikashushwa taratibu kwa sababu baada ya wiki 7 huwezi kuikata ghafla. Albendazoli aliyopewa mara ya kwanza, kidonge kimoja, humwacha mdudu huyu kwa watu wengi.

Wakati wa kuandika historia upya ndipo mkewe alipokumbuka kingatiba. Wenyeji wa Dar es Salaam wanaifahamu: wagawadawa wa matende na mabusha, fimbo ya kupimia urefu, vidonge mkononi. Vidonge vile vilikuwa ivermektini na albendazoli kwa pamoja. Zanzibar walipogawa mchanganyiko huo kuanzia 2001, watafiti waliokwenda kupima baadaye walikuta na strongiloidi amepungua sana, ingawa hakuwa ndiye aliyelengwa. Mzee alivipokea kwa heshima, akavitupa chooni. Mtaani ilisemwa vinamaliza nguvu za kiume.

Wasomaji wengi wameisikia ivermektini kwa sababu ya korona, na hilo lina kichekesho chake. Haitibu korona. Lakini wagonjwa mahututi walikuwa wakipewa deksamethasoni, ndugu wa prednisoloni, na mwaka 2020 madaktari walitahadharisha kwamba wanaotoka sehemu zenye strongiloidi wapewe ivermektini mapema ili mdudu asilipuke. Uchambuzi wa mwaka 2022 ukaona kwamba baadhi ya majaribio yaliyoonyesha ivermektini "inafaa" yalitoka sehemu ambako mdudu huyu ni wa kawaida.

Siku ya 4 mabuu ya makohozini yalikuwa yanajikunja kwa uvivu. Siku ya 9 sikuona kitu. Choo kilichelewa, tukaendelea na dawa mpaka kipite wiki 2 kikiwa safi. Mlipuko kama huu huua wengi hata wakitibiwa, kwa hiyo hakuna aliyethubutu kufurahi mapema. Kila asubuhi nilihesabu seli kwa mkono, mashine nikaiacha. Siku ya 12 niliona eosinofili 1 katika 100. Kisha 3. Kisha 7. Daktari yule yule wa zamu alishuka maabara, akasoma karatasi akiwa amesimama mlangoni, akasema, "Wamerudi."

Siku ya kuruhusiwa mkewe alipita kutuaga. Nikamwomba alete vidonge vya prednisoloni vilivyobaki nyumbani.

"Havipo, mwanangu. Nimempa wifi yangu, magoti yanamsumbua."

"Wifi yako anaishi wapi, mama?"

"Si hapo hapo Kigogo. Tulikuwa tunalima naye bondeni."

Nikamuuliza ameshavimeza siku ngapi. Akahesabu kwa vidole: siku 5. Nikamwomba ampigie simu hapo hapo, aje kumwona daktari kesho. Nikamkabidhi kopo, nikamweleza choo kiwe cha asubuhi, kisikae kwenye friji, kije kikiwa bado na joto lake.